Namna ya kuhifadhi mistari ya igizo isikukimbie jukwaani: mwongozo kamili

"Nyumbani nilikuwa naijua yote."

Kauli hiyo nimeisikia kwa waigizaji wengi mno, na mara ya kwanza kabisa niliitamka mimi mwenyewe, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya jukwaa, jasho limelowesha kola ya maleba. Anayesema hivyo hadanganyi. Nyumbani aliijua kweli. Kinachomponza ni namna alivyoihifadhi: aliitunga kama shanga, neno likavuta neno, na uzi ulipokatika mahali pamoja shanga zote zikamwagika.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepewa nafasi ya kati au kubwa, akiwa na wiki tano au sita za mazoezi. Kama una muda mfupi zaidi, bana siku lakini usiruke hatua. Hatua ya 3 na ya 4 ndizo watu huziruka, na huko ndiko mistari inakopotelea.

## Vitu vya kuandaa

- Skripti yako mwenyewe, iliyochapwa upande mmoja wa karatasi. Upande mtupu utaandika maelezo. Kusomea kwenye simu kunafaa safarini tu. Kwenye karatasi utakumbuka hata mstari ulikaa juu au chini ya ukurasa, na kumbukumbu hiyo ndogo husaidia.
- Penseli na kifutio. Wino usiuguse. Mwongozaji atabadili mambo, na skripti iliyokatwakatwa kwa wino haisomeki.
- Kipande cha karatasi ngumu cha kufunikia mistari.
- Simu ya kurekodia sauti.
- Viatu vinavyokaribiana na vya mhusika wako. Sababu utaiona hatua ya 9.
- Mtu mmoja mvumilivu wa kukusomea. Afadhali asiwe mwigizaji. Mwigizaji ataanza kuigiza, nawe utazoea sauti yake badala ya maneno.

## Hatua ya 1: Soma igizo lote, penseli ikiwa mezani

Soma mara tatu. Mara ya kwanza soma kama mtazamaji aliyekata tiketi. Mara ya pili fuata wahusika wengine: wanasema nini juu yako ukiwa haupo? Mara ya tatu ndipo umfuate mhusika wako.

Anayeanza kwa kutafuta mistari yake huishia kujua kurasa zake tu. Akipotea hajui hadithi imefika wapi, kwa hiyo hana njia ya kurudi.

Umefaulu ukiweza kumsimulia mtu igizo zima kwa dakika mbili bila kuanza na mhusika wako.

## Hatua ya 2: Weka alama kwenye miito kabla ya mistari yako

Mwito ni kile kinachokuita useme: neno la mwenzio, mlango unaogongwa, taa inayozimika. Wengi hupaka rangi mistari yao peke yake, kisha wanashangaa kwamba wanajua la kusema ila hawajui lini. Mstari wako huanzia sikioni, sio kinywani.

Nitatumia kipande kifupi hiki mpaka mwisho:

> DADA: Barua hii imefika lini?
> KAKA: Jana. Hapana, juzi. Sikutaka kukusumbua.
> DADA: Imefunguliwa.
> KAKA: Ilikuwa wazi tayari.
> DADA: Na kilichokuwa ndani?
> KAKA: Keti kwanza.

Hapa miito ni mifupi, haina shida. Shida huja mwenzio anapozungumza nusu ukurasa. Tafuta mahali pawili: neno linalokuchoma, na neno la mwisho linalokuachia nafasi. Yapigie mstari yote mawili. Kuanzia lile la kwanza, wazo lako limeshazaliwa. Kinachobaki ni kujizuia mpaka la pili. Ukisikiliza neno la mwisho tu, utasimama pale kama mtu anayesubiri basi, na watazamaji wanaliona hilo.

## Hatua ya 3: Vunja kila tukio vipande, kila kipande kipe kitenzi

Swali ni moja: hapa nataka nini kwa huyu aliye mbele yangu? Ni swali lililoenezwa na Mrusi Konstantin Stanislavski, na sijaona lililo bora. Nia ikibadilika, chora mstari kwa penseli. Kipande kipya kimeanza. Pembeni andika kitenzi: kuficha, kubembeleza, kumchokoza, kumkwepa.

Onyo: usiandike "huzuni" au "hasira". Hisia haikwambii la kufanya, na haikumbushi neno hata moja. "Kumkwepa" kunakumbusha, kwa sababu anayekwepa ana njia chache tu za kusema.

Katika igizo moja nililocheza, aliyekuwa Kaka alikosea mstari ule ule kwa wiki mbili nzima. Alisema, "Juzi. Hapana, jana." Akarekebishwa, kesho yake akarudia. Aliandika kwenye kiganja, haikusaidia. Siku moja mwongozaji akamuuliza, "Dada ameshika nini?" Bahasha. "Juu ya bahasha kuna nini?" Muhuri wenye tarehe. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akacheka. Kumbe Kaka anaanza kwa uongo, anasema jana ili kosa lionekane dogo, halafu anaona kidole cha dada yake kimegusa muhuri, anajirekebisha kabla hajaumbuliwa. Kuanzia hapo hakukosea tena, na hakuongeza hata dakika moja ya kukariri. Jicho lake lilikuwa linaenda kwenye muhuri, na neno "juzi" linakuja lenyewe.

Kwa hiyo popote unapokosea mara tatu mfululizo, usirudie mara thelathini. Rudi uulize kwa nini mhusika anasema hivyo na sio vinginevyo. Ninachoamini baada ya miaka mingi ya kazi hii ni kwamba mstari unaokataa kukaa kichwani, karibu kila mara, ni mstari ambao bado hujauelewa.

Wapo waliolichunguza jambo hili kitaalamu. Helga Noice, mwanasaikolojia, na Tony Noice, mwigizaji na mwongozaji, walichunguza kwa miaka mingi namna waigizaji wanavyohifadhi maandishi. Waliona kwamba waigizaji wazoefu hawaanzi kwa kukariri maneno. Hutafuta nia ya mhusika nyuma ya kila kauli, na maneno mengi huingia kichwani katika kutafuta huko.

Umefaulu ukiweza kufunika skripti na kutaja vitenzi vya tukio zima kwa mpangilio: anaficha, anajitetea, anakwepa, anamwandaa.

## Hatua ya 4: Simulia tukio kwa maneno yako

Hili huchukua jioni moja kwa kila tukio, lakini waigizaji wengi huona haya kulifanya. Simama, mtu akusomee mistari ya wenzio, wewe jibu kwa maneno yako yoyote yale. Hujui mstari? Vizuri, hutakiwi kuujua bado. Unachotakiwa kujua ni wazo linalofuata.

Sababu yake utaiona siku neno litakapopotea mbele ya watu. Aliyehifadhi mawazo kwanza ana sakafu ya kusimama. Atasema kitu chenye maana ileile mpaka neno lirudi.

Onyo: siku mbili tatu zinatosha. Ukizoea sana maneno yako, ya mwandishi yatakosa pa kukaa.

## Hatua ya 5: Sasa maneno yenyewe

Chukua kurasa mbili, zisizidi tatu. Funika kwa karatasi ngumu, ishushe mpaka mwito uonekane, sema mstari wako kwa sauti, kisha ushushe tena uangalie. Umekosea neno moja? Rudi mwito uliotangulia. Usirudi mwanzo wa ukurasa. Ukirudi mwanzo kila mara, ukurasa wa kwanza utaujua kama jina lako na wa mwisho utakuwa mgeni.

Mambo machache ya kushika hapa.

Sema bila tuni. Soma kama unavyosoma orodha ya vitu vya kununua. Ukihifadhi neno pamoja na mpando na mshuko wa sauti, vinagandana. Mwongozaji akisema "jaribu kwa upole", utajikuta huwezi, au ukiweza, neno linapotea na sauti yake. Nimeona waigizaji wazuri wakigandishwa na tuni waliyoitunga peke yao bafuni.

Dakika ishirini na tano, kisha pumzika. Mara tatu kwa siku ni bora kuliko saa mbili mfululizo. Kipindi cha mwisho kiwe karibu na kulala, kwa sababu usingizi hukaza ulichojifunza. Asubuhi, kabla hujafungua skripti, jaribu kusema ulichohifadhi jana. Utakwama. Kwama, hangaika kidogo, ndipo uangalie.

Kujaribu kunashinda kusoma tena. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walirudia kusoma, wengine walijipima kwa kukumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio walikumbuka zaidi. Soma tena hilo la dakika tano, maana ndilo lile "nyumbani nilikuwa naijua yote". Ulijipima papo hapo baada ya kusoma, ukajiona umeiva.

Shika neno la mwandishi. "Ila" na "lakini" sio kitu kimoja mdomoni, na mwenzio anasubiri mwito kama ulivyoandikwa. Ukiubadilisha, unamletea yeye matatizo.

Tafuta mistari pacha. Hili ndilo onyo kubwa kuliko yote katika hatua hii. Pitia igizo zima utafute mahali ambapo miito miwili inafanana, ukurasa wa 12 na wa 18 kwa mfano. Andika pembeni tofauti yake kwa herufi kubwa: PALE AMESIMAMA, HAPA AMEKETI. Mistari pacha huwarusha watu kurasa sita mbele bila wao kujua.

Umefaulu ikiwa msomaji wako anaweza kufungua ukurasa wowote, akasoma mwito wowote, nawe ukaendelea. Anayeweza kuanza mwanzoni tu bado ana shanga kwenye uzi.

## Hatua ya 6: Rekodi mistari ya wenzio, acha nafasi zako

Soma kwa sauti kavu mistari ya wengine kwenye simu, nyamaza muda unaotosha mstari wako, endelea. Sikiliza ukitembea au ukifua. Mstari usiotoka mikono ikiwa na kazi bado haujakaa. Jukwaani mikono haitakuwa huru pia.

Usirekodi mistari yako mwenyewe ukaisikiliza mara mia. Utaiga mwigizaji mmoja mbaya, naye ni wewe wa wiki ya kwanza.

## Hatua ya 7: Unganisha mistari na mwili

Subiri mazoezi ya kupanga miondoko kabla ya kukaza kila kitu. Mwongozaji akisema "vuka kwenda dirishani hapo", andika kwa penseli juu ya neno unaloanza kutembea nalo, sio pembeni mwa sentensi. Helga na Tony Noice waliona pia kwamba mistari iliyosemwa pamoja na mwendo hukumbukwa vizuri kuliko iliyosemwa mtu akiwa amesimama tu. Mimi nalijua hilo kwa miguu: yapo maigizo ya zamani ambayo siwezi kusema hata mstari mmoja nikiwa nimeketi, lakini nikisimama na kugeuka kushoto kama nilivyogeuka wakati ule, sentensi nzima inatoka.

Nyumbani panga viti viwe samani za jukwaani na ufanye mazoezi ndani yake. Meza ikiwa upande usio wake, utajifundisha vibaya.

## Hatua ya 8: Weka skripti chini, na uwe tayari kuita

Kila kundi lina tarehe ya kuacha skripti. Jiwekee yako siku nne kabla ya hiyo.

Siku hiyo utakwama, kila mtu hukwama. Ukikwama sema "mstari!" na mkumbushaji, yule anayefuata skripti pembeni, akupe maneno matatu ya kwanza. Usiombe radhi, usicheke, usitoke kwenye nafasi yako, usipige kidole kwenye paji la uso. Baki ndani ya tukio, pokea, endelea. Anayeomba radhi kila akikwama anajizoeza kuomba radhi, na ndicho mwili utakachotaka kufanya mbele ya watazamaji.

Mwombe mkumbushaji aandike makosa yako yote, hata ya "na" na "au". Orodha hiyo ndiyo kazi yako ya nyumbani. Usipitie tena yale unayoyajua kwa sababu tu yanakufurahisha.

Mkishaizoea, kaeni duara mseme igizo lote kwa kasi maradufu, bila kuigiza, mkirushiana mpira. Mahali mpira unapoanguka ndipo penye uzi mbovu.

## Hatua ya 9: Jiandae mistari kukukimbia upya kwenye mazoezi ya mavazi

Mtu aliyekuwa safi kwa wiki mbili hufika mazoezi haya ya mwisho, yenye taa na mavazi, akaanza kubabaika. Usihofu. Taa ziko machoni, sakafu ina sauti nyingine, kofia imeziba sikio, na akili imeshughulika na hayo yote.

Dawa ni kupunguza ugeni mapema. Ndiyo maana nilikwambia uandae viatu. Kisigino kirefu hubadili mwendo, mwendo hubadili pumzi, na pumzi ndiyo inayobeba sentensi. Omba vifaa vyako halisi wiki moja kabla: bahasha, sinia, fimbo. Kama utafungua barua jukwaani, ifungue mara hamsini kwanza.

## Hatua ya 10: Siku ya onyesho

Usisome skripti nzima. Pitia miito yako tu, na mistari ile pacha. Pasha sauti na mwili, kunywa maji, kagua vifaa vyako mwenyewe hata kama kuna anayevipanga.

Ukisimama pembeni ya jukwaa kusubiri kuingia, usitafute mstari wako wa tatu kuona kama bado upo. Ukiutafuta utakimbia. Jiulize tu: natoka wapi, nataka nini, nikiingia namwona nani.

## Ukisahau mbele ya watu

Toa pumzi. Aliyeshtuka huvuta hewa na kuibana, na kichwa kinazidi kuwa kitupu. Kisha mtazame mwenzio, sio sakafu wala dari. Yeye ndiye mwenye mwito. Fanya kile mhusika anachotaka wakati huo, hata kwa kimya. Sekunde tatu kwako ni mwaka, kwa watazamaji ni mtu anayefikiri.

Ikiwa aliyekwama ni mwenzio, usimnong'oneze. Muulize swali lenye jibu ndani yake.

Nililipia somo hili siku ile ya ndoo. Katika igizo lile "Keti kwanza" ilisemwa mara mbili, kurasa sita zikiwa katikati, na mimi ndiye niliyekuwa nikiambiwa. Ilipokuja ya kwanza nikajibu ya pili: "Nimeketi siku nyingi mno." Mwenzangu alinitazama nusu sekunde. Nyuma ya pazia nilimwona mwigizaji wa tatu, amesimama na sinia ya vikombe, mlango wake wa kuingilia tumeshauruka. Hakuna mtazamaji aliyejua bado barua ilitoka kwa nani, na bila hilo igizo zima halina maana. Mimi nilikuwa nimeganda. Mwenzangu akaketi *yeye*, taratibu, akasema, "Basi keti na mara hii moja. Maana hata hujaniuliza imetoka kwa nani." Nikauliza. Tukarudi kurasa sita, sinia ikaingia, vikombe vikigongana kidogo.

Yeye hakujua mistari yangu. Alijua hadithi ilikuwa na deni gani kwa watazamaji, akalilipa. Ndiyo kazi ya hatua ya 1 na ya 4.

## Onyesho likiendelea kwa wiki nyingi

Makosa madogo hujenga kiota. "Ila" inakuwa "lakini", "ilikuwa wazi tayari" inakuwa "ilikuwa wazi", na hakuna anayeshtuka. Mara moja kwa wiki, siku isiyo na onyesho, soma skripti polepole na penseli mkononi kana kwamba umepewa leo.

Mara ya mwisho kufanya hivyo niligundua kwamba kwa maonyesho tisa nilikuwa nimeacha sentensi nzima ya maneno manne. Mwenzangu alikuwa amejifunza kuingia bila huo mwito, kimyakimya, na hakuniambia. Nilipoirudisha jioni iliyofuata akachelewa kuingia, na baada ya pazia akanifuata kuniuliza mbona nimeanza kuongeza maneno.